Usukani unatetemeka, tawi linaimba

Wiki ya mechi Morogoro inajulikana. Costa na Noah zinavishwa bendera, ngoma inapakiwa nyuma, safari ya Dar, Dodoma au Manungu kule Turiani inaanza. Mwenyekiti wa tawi anajua jezi ziko ngapi na nani hajamaliza mchango. Hali ya matairi haijui.

Usukani ukianza kutetemeka njiani, jibu la wengi ni moja: "Linataka alaimenti hilo." Wanakosea. Alaimenti mbovu kwa kawaida huvuta gari pembeni na kula tairi upande mmoja. Mtetemo ukija kwenye spidi 80 hadi 100, ukasikika mikononi, shuku kwanza balansi ya matairi ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti, angalia ya nyuma. Ukija pale tu dereva anapokanyaga breki, hizo ni diski.

Moro kuna la ziada. Gari lililoshuka Mgeta au Matombo wakati wa masika hurudi na tope jekundu ndani ya rimu. Likigandia upande mmoja, balansi imekwisha, na fundi asiyechungulia atakuuzia vipuri bure. Maji na brashi kwanza, jamani.

Cha kuogopa ni gari linalotikisika hata kwenye spidi 40, na kila siku linazidi. Hapo huenda rimu imepinda, nati zimelegea, au nyuzi za ndani ya tairi zimeachana na limeota uvimbe. Tairi la hivyo halibalansiwi, linatupwa. Na tairi la mtumba lisilo kipara linadanganya. Soma tarakimu nne ubavuni: 2315 maana yake wiki ya 23, mwaka 2015.

Mei 2017 Simba walitoka kubeba Kombe la FA mbele ya Mbao, Dodoma. Kesho yake gari alilokuwemo nahodha Jonas Mkude likapinduka Dumila, shabiki mmoja akafariki dunia. Habari za siku ile zilitaja tairi kupasuka. Matawi mangapi yameweka tairi kwenye ajenda ya safari tangu hapo?

Kamati imtume mtu gereji na dereva siku moja kabla, siyo alfajiri watu wameshapanda na wanaimba. Na akikuta uvimbe, awe na ruhusa ya kulikataa gari hata kama advansi imeshalipwa.