Barabara Zetu Zimesahau Baiskeli

Kuna kitu kinaniudhi kwenye hizi video za ziara za baiskeli, na mimi ni mmoja wa wanaozipiga. Tunajipanga na helmeti na miwani, tunaonyesha machweo, halafu yule mama anayepita nyuma na mitungi ya maji kwenye keria tunamkata. Ama tunambakisha awe sehemu ya mandhari. Sisi ndio tunaitwa waendesha baiskeli. Yeye anaitwa maskini.

Mwezi uliopita tulikuwa wasee watano. Tuliufuata mto Nzoia kutoka Webuye, tukapitia Mumias, Ugunja na Ruambwa hadi Port Victoria, kule unakoishia ziwani. Siku tatu. Raha ilikuwepo, sikatai. Lakini kuna sehemu baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari: makaa, mahindi, omena, watoto wa shule, mgonjwa ameshikwa mgongo asianguke. Na hakuna hata hatua moja ya lami waliyotengewa.

Ukiwa hujaendesha huko huwezi kuelewa. Lami imelika pembeni, na kutoka hapo hadi kwenye murram kuna ngazi, manze, ya kuvunja rimu. Trela la miwa likipiga honi, wewe ndiye unayehama. Sisi tulikuwa na mabegi mepesi, tunaruka chini, tunarudi. Mzee mmoja mbele yetu alikuwa na gunia la mahindi. Akishashuka, harudi juu bila kusukumwa. Tulimsukuma mara tatu kabla ya kufika sokoni. Nikamuuliza kama huwa hivyo kila siku. “Mwanangu, siku zingine hakuna wa kusukuma.”

Na hii ndiyo nchi ya baiskeli! Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa Busia, si mbali na hapo, na vijana waliobeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Uganda. Pikipiki zilikuja baadaye, na zilipoondolewa VAT mwaka wa 2008 zikajaa kila kona. Kwa hivyo serikali ikitaka kurahisisha usafiri wa mwananchi, inajua njia.

Najua jibu: pesa hakuna. Sawa. Lakini sisemi tujenge barabara mpya. Nasema ile inayokarabatiwa tayari, greda iko pale, kokoto iko pale, ongeza mita moja na nusu kila upande. Ukingoja mpaka lami ikauke ndio uanze kufikiria baiskeli, hapo kweli itakuwa ghali.

Njia nzuri kuliko zote tuliipata Budalang'i, na haikujengewa baiskeli hata kidogo. Ni tuta la kuzuia mafuriko. Juu ni tambarare, halina lori, mto uko upande mmoja na mashamba upande mwingine. Vijana wawili wa shule kwenye baiskeli moja isiyo na gia walitupita hapo wakicheka, na sisi na gia zetu zote. Nzoia ukivunja tuta, njia yao inaenda nalo.

Hiyo video nimeiacha bila muziki. Desemba tunarudi, na safari hii tutahesabu baiskeli Mumias kuanzia alfajiri hadi jioni, tupeleke hesabu kaunti. Unayetaka kuja, njoo na baiskeli yoyote, hata ile Black Mamba ya babu. Pampu tutakuletea.