Kompyuta Kongwe Ipimwe Kumbukumbu Kabla ya Kuhukumiwa

Katika shule, ofisi za kata na maduka ya steshenari ya Kibaha na Kisarawe, kompyuta ya mezani iliyokwisha kupita miaka kumi bado ndiyo inayobeba shughuli za watu: ndiyo inayoandika barua za kuomba kazi, ndiyo inayotunza alama za mitihani, ndiyo inayochapa kadi za harusi na ratiba za mazishi, na siku inapoanza kuzimika ghafula, au kuonyesha ule uso wa buluu ulioandikwa kwa herufi nyeupe, au kulia vilio vifupi pasi na kioo kuwaka, hukumu yake aghalabu hutolewa upesi mno. Fundi huitwa, naye kabla ya kuchunguza lolote hutaja dawa ileile anayowatajia wote, yaani kupiga windo upya, au kusakinisha Windows upya. Na dawa hiyo isipofaa, mashine husemwa kuwa imekufa, ikatiwa stoo, zikatafutwa fedha za kununua nyingine. Rai yangu ni kwamba mwendo huu ni israfu, tena una hatari ndani yake, na kwamba kabla ya kufuta chochote wala kutupa chochote, kumbukumbu ya mashine haina budi kupimwa.

Kumbukumbu ninayoikusudia ni ile ya muda, ambayo mafundi huiita RAM: vile vijibao vyembamba vilivyochomekwa wima katika ubao mama, ambavyo kila kitu unachokifungua hupitia humo kabla ya kuonekana katika kioo au kuhifadhiwa katika diski. Muundo wake ni ule ambao Robert Dennard, mhandisi wa IBM huko Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1968, na ambao hadi leo haujapata mrithi. Kila biti hukaa katika kapasita ndogo mno, na chaji ya kapasita hiyo huvuja kama maji katika mtungi wenye ufa, hata ikalazimu kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64. Basi seli mojawapo ikichakaa, ikawa haiwezi kushika chaji yake hata kwa muda huo mfupi, moja hugeuka sifuri, na mashine ikaendelea na kazi kana kwamba halikutokea jambo. Seva kubwa hufungwa kumbukumbu inayoweza kugundua kosa la namna hiyo na kulisahihisha; kompyuta zetu za kawaida za mezani, isipokuwa akali, hazina kinga hiyo.

Asidhani msomaji kwamba ubovu huu ni wa nadra. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na watafiti wawili wa Google, walitangaza matokeo ya kuzichunguza seva za kampuni hiyo kwa takriban miaka miwili na nusu, na wakabainisha kwamba zaidi ya vijibao 8 katika kila 100 vilipatwa na kosa katika muda wa mwaka mmoja, kwamba makosa huongezeka kadiri kifaa kinavyozeeka, na kwamba mengi yake yalielekea kutokana na ubovu wa kudumu wa kifaa chenyewe wala si tukio la kupita. Ikiwa hali ni hiyo katika majumba yenye ubaridi wa kudumu na umeme usiotikisika, ni dhahiri kwamba mashine iliyokaa miaka katika vumbi la Mailimoja au katika unyevu wa vilima vya Pugu, huku umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, inastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Na hapa ndipo penye madhara ambayo watu hawayahesabu. Kompyuta iliyozima ni hasara inayoonekana. Lakini kompyuta inayowaka ilhali kumbukumbu yake ni mbovu huandika uongo kwa mwandiko safi. Katika hesabu ya namba mbili, ambayo ndiyo lugha ya mashine, tofauti kati ya 71 na 7 ni biti moja tu. Na mwanafunzi ambaye alama yake imegeuzwa hivyo hana njia ya kujua kwamba aliyemwangusha si mwalimu wala si ujinga wake. Kadhalika, anayepiga windo upya juu ya RAM mbovu huyapitisha mafaili yote ya mfumo mpya katika njia ileile iliyoharibika, akaupanda ugonjwa katika mwili mpya, kisha baada ya wiki mbili akaitwa tena, akalipwa tena, na safari hii diski imekwisha kufutwa pamoja na picha na hati za mwenyewe. Simlaumu fundi peke yake: mteja naye hataki kulipia uchunguzi, hulipia tendo analoliona kwa macho.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Kompyuta izimwe na waya wa umeme uchomolewe, fundi aguse kwanza bati la kasha ili umeme tuli wa mwili wake usiviue vifaa anavyotaka kuvitibu, vumbi lipulizwe, vijibao vichomolewe, na meno yake ya dhahabu yasuguliwe polepole kwa raba ya kufutia penseli, wala si kwa msasa, kisha virudishwe mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Mashine nyingi zilizokwisha kuandikiwa kifo hufufuka hapo hapo, kwa kuwa maradhi yake yalikuwa kutu na uchafu tu. Isipofufuka, kiachwe kijibao kimoja, kijaribiwe, kisha kitolewe na kuwekwa cha pili, na kila kimoja kihamishwe kutoka tundu hadi tundu. Kosa likikifuata kijibao, basi kijibao ndicho kibovu, na likibaki katika tundu, lawama ni ya ubao mama. Hatimaye ipakiwe katika flashi programu ya Memtest86, iliyoasisiwa na Chris Brady mwaka 1994 na ambayo hupatikana bila malipo, iachwe ikipima usiku kucha; au, kwa asiyeiweza hiyo, kitumike kipimo kilichomo ndani ya Windows tangu toleo la Vista. Hesabu inayokubalika ni sifuri. Kosa moja likijirudia mahali palepale linatosha kuwa ithibati, na wala asije mtu akasema kwamba moja katika mamilioni si kitu.

Tahadhari moja kwa mnunuzi: kijibao cha DDR2 na cha DDR3 vyote vina pini 240 na urefu mmoja, lakini pengo la kati halilingani, na cha kwanza hutumia volti 1.8 ilhali cha pili hutumia 1.5, kwa hiyo asiyejua aina ya mashine yake asinunue, na kisichoingia kisilazimishwe.

Faida ya maarifa haya kwa watu wa wilaya zetu ni ya karibu mno. Mkaazi wa Kisarawe ambaye hajui mashine yake inaumwa nini hulibeba kasha zima katika daladala, akapita Pugu na Gongo la Mboto hadi Kariakoo, akaliacha huko na kurudi kulifuata siku nyingine. Aliyekwisha kupima hukitia kijibao mfukoni, akanunua kinachofanana nacho, na jioni yake kazi ikaendelea. Wa Kibaha naye, anayeshuka kwa Barabara ya Morogoro, hali yake ni iyo hiyo.

Wako watakaosema kwamba mashine hizi zimekwisha wakati, maadamu Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Neno hilo lina ukweli, na mashine iliyounganishwa na intaneti yapasa iangaliwe kwa usalama wake. Lakini mfumo wa Linux, unaoweza kuwekwa mahali pa Windows, haudai ada, na kompyuta ya kufundishia kuchapa haihitaji kuwa mpya. Nchi yetu ilipokea kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo ila kwa kibali. Nionavyo mimi, tulikwenda toka kukubali hadi kukataa pasipo kituo cha kuelewa katikati yake, na tabia hiyo tungali nayo stoo zetu zinapojaa makasha ambayo hakuna aliyeyafungua.

Kibaha haikosi mahali pa kuanzia. Shirika la Elimu lililopo pale, lililotokana na mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza 1963, liliziweka pamoja elimu, afya na kilimo ili mwananchi ajifunze kwa mikono yake, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kingalipo. Chuo hicho kiwafundishe vijana kupima kabla ya kufuta. Na halmashauri za Kibaha na Kisarawe ziweke sharti kwamba kompyuta yoyote ya shule au ya ofisi ya umma isiandikwe kuwa chakavu mpaka ihudhurishwe hati ya matokeo ya kipimo cha kumbukumbu yake, yenye sahihi ya fundi aliyekifanya.