Tumbo la Siku ya Mtihani

Bila shaka mwamjua mtu huyu. Wiki nzima ni mzima. Anacheza mpira na kumaliza sahani yake ya posho na maharagwe. Asubuhi ya mtihani tumbo linamkata, viganja vinatoka jasho, na chooni amekwenda mara tatu. Kengele ya mwisho ikilia, amepona. Wenzake husema, "Mwongo huyo!"

Mimi nami nilisema hivyo. Nilikuwa kiranja wa bweni, na mwenzetu mmoja aliugua kila mtihani. Siku moja nilimwita mvivu mbele ya bweni zima, nikamvuta kutoka kitandani. Alitapika mlangoni mwa chumba cha mtihani, na watu wakacheka. Miaka michache baadaye niliitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Nilipokuwa nimekaa peke yangu kwenye benchi nje ya mlango, tumbo likanikata vile vile. Hapakuwa na mtu wa kumdanganya pale. Ndipo nilipoona haya.

Mwaka 1898 Walter Cannon, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha mambo aliyoyaona kwa eksirei. Alimlisha paka chakula kilichotiwa dawa ionekanayo kwa mashine hiyo, akalitazama tumbo likisaga. Paka alipofadhaika, tumbo lilisimama. Alipotulia, likaanza tena. Je, paka naye alikuwa mwongo?

Baadaye Cannon alieleza sababu, na mwaka 1915 akaitolea kitabu. Hofu ikiingia, tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, na damu huacha tumbo ikaenda kwenye misuli. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia, kana kwamba karatasi ya hesabu ni chui. Hayo yote hufanywa na akili ya ndani, ile isiyongoja ruhusa yetu.

Basi maoni yangu ni haya: akili ya ndani haitawaliwi kwa amri, hufundishwa kwa mazoea. Kumwambia mwenzako "Acha woga!" ni sawa na kumpigia kelele mtoto mchanga ili alale. Lakini mlango mmoja uko wazi. Moyo hatuwezi kuuamrisha, bali pumzi twaweza. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Baada ya dakika chache moyo nao hupunguza mwendo. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago alitoa kitabu mwaka 1929 juu ya njia nyingine: kaza misuli ya mkono, kisha uilegeze kabisa, halafu mguu, tumbo, mabega na uso. Mwili uliolegea hauipi hofu mahali pa kushika.

Lakini usingoje asubuhi ya mtihani. Samaki mkunje angali mbichi. Fanya zoezi hilo kila usiku majuma mengi kabla. Tena, fanya mitihani ya zamani kwa saa, ukiwa umekaa kimya kama siku yenyewe, mpaka akili ya ndani izoee na kuona kwamba hapana chui.

Nisieleweke vibaya. Pumzi haiwezi kujibu swali ambalo hukulisoma. Wala si kila tumbo ni la hofu. Malaria nayo huleta kutapika, na mwenye homa sharti apelekwe kwa mganga wa shule akapimwe, hata kama ni siku ya mtihani. Kiranja asijifanye daktari, kama nilivyojifanya mimi.

Ninyi viranja wa leo, mkimkuta mwenzenu amejikunja kitandani asubuhi hiyo, msimcheke. Ikiwa hana homa, kaeni naye dakika tano, mvute pumzi pamoja, kisha mwende naye hadi mlangoni. Kazi hiyo ni ndogo, nami sikuifanya.

Na wewe ndugu yangu niliyekuvuta kitandani, ikiwa gazeti hili limekufikia, nakuomba radhi. Hukuwa mwongo.

Mwanafunzi wa Zamani