Mwalimu, Si Ndiyo Hii?

Nikiwa TP Kasulu nilifundisha brayofita kidato cha tatu vilevile nilivyofundishwa mimi kule kwetu Kibondo: mchoro wa Funaria ubaoni, mishale, haya nakilini. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ndiyo hii iliyoota ukutani?" Akaonyesha dirishani. Nikajibu, "Ndiyo hiyo." Ukweli ni kwamba sikujua.

Jioni nikaenda pale na lenzi ya mkono. Funaria ikikomaa, kifuko chake cha spora huinama, umbo kama pea. Vya ukutani vilikuwa vimekomaa, lakini vimesimama wima. Nilikuwa nimemdanganya mtoto wa watu.

Wenzangu wa ualimu, tunapenda kulia kwamba shule hazina maabara. Sawa, jina kamili la spishi linataka darubini na wataalamu wa herbaria. Lakini kuangalia kama jani lina mshipa wa kati, kifuko kimekaaje, mmea umeota kwenye jiwe au gome, kunataka bajeti gani? Sampuli unaiweka kwenye bahasha ya karatasi ikauke, ukiilowesha tena majani yanafunguka.

Tunawakaririsha watoto mmea wa kitabuni huku wanaukanyaga wa kwao kila masika.

Kesho yake niliwaambia darasani: nilikosea, twendeni nje. Hatukupata jina. Ila kile kipindi hakuna aliyesinzia.