Mashine za kutandaza mkongo zipo, ramani ya chini ya ardhi iko wapi?



Siku hizi kila mkubwa akiongelea intaneti lazima ataje neno kasi. Kwa jirani zetu Kenya, serikali iliyoingia madarakani 2022 iliahidi kilomita 100,000 za mkongo. Hapa Bongo, Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa 2009, mwaka ule ule ambao waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar, na EASSy ukafuata 2010. Hizo ndizo barabara kuu. Kilichobaki, na ndicho kigumu, ni vichochoro: kuutoa mkongo barabara kuu hadi mlangoni kwa mtu Mbagala, Nyakato au Uyole.

Sasa kuna wanaosema dawa ni mashine tu, tuache sururu na chepe. Mimi nasema mashine ni nzuri, ila tukianza na mashine ya kuchimba tutakuwa tumeanzia mwisho.

Tuangalie kwanza mashine zenyewe zinafanya nini. Kwa njia ya zamani, ambayo bado inatumika sehemu nyingi, mtu anazunguka mtaa mzima na daftari akihesabu nguzo na nyumba, halafu mchoraji anakaa wiki kadhaa kupanga waya upite wapi. Programu za kisasa zinameza ramani ya barabara, nyumba na nguzo, zinatafuta njia fupi ya kufikia kila mlango, kisha zinatoa mchoro pamoja na orodha ya vifaa: waya mita ngapi, maboksi mangapi. Kazi ya wiki inakuwa ya saa. Kwenye kutandaza, waya siku hizi unaweza kusukumwa kwa upepo wa kompresa ndani ya bomba la plastiki, mamia ya mita kwa mkupuo mmoja. Kwenye kuunga, ule uzi wa kioo una unene wa sehemu 125 za elfu ya milimita. Mashine inazilenga ncha mbili yenyewe na kuziyeyusha kwa cheche, sekunde chache kitu kimeisha. Hakuna jicho la mtu linaloweza hiyo.

Wengine wameenda mbali zaidi. Mwaka 2020 Facebook walionyesha roboti waliloliita Bombyx, jina la kisayansi la kiwavi wa hariri. Linatambaa juu ya nyaya za umeme huku likizungushia mkongo kwenye waya, na wenyewe walisema linaweza kumaliza zaidi ya kilomita moja kwa saa moja na nusu. Wazo likatokana na jambo tunalolijua sote: vijijini Afrika nguzo za umeme zimefika mbali kuliko mkongo.

Mpaka hapo safi. Lakini kasi bila mpango ina bei yake. Google Fiber walipoingia mji wa Louisville, Marekani, mwaka 2017, walitaka kwenda haraka. Wakakata mifereji myembamba sana kwenye lami, yenye kina cha inchi mbili hivi, wakalaza waya na kuziba kwa gundi. Gundi ikafumuka, waya zikatokeza barabarani. Mwaka 2019 wakafunga virago, wakailipa halmashauri ya mji dola milioni 3.84 za kurekebisha barabara. Kampuni tajiri, wataalamu wamejaa, na bado!

Halafu tujiulize, hivi mkongo unachelewa kwa sababu wachimbaji ni wazembe? Hapana. Barabara kuu ni ya TANROADS, ya mtaani ni ya TARURA, nguzo ni za TANESCO, na chini ya ardhi kuna mabomba ya maji ambayo mengine hata aliyeyafukia alishastaafu. Kila mmoja ana ofisi yake na barua yake. Ukishapata kibali, sururu ya kwanza inaweza kupasua bomba, mtaa unakosa maji. Wiki ijayo anakuja mkandarasi wa maji, na yeye anakata mkongo wako. Ukileta mashine ya kuchimba mahali kama hapo, itapasua bomba lile lile, tofauti ni kwamba itapasua haraka zaidi.

Hili si letu peke yetu. Serikali ya Uingereza yenyewe inasema kwao yanachimbwa mashimo kama milioni 4 kwa mwaka, na mabomba na nyaya vinagongwa kwa bahati mbaya mara 60,000 hivi. Wakaamua kutengeneza daftari moja la kidijitali la vitu vyote vilivyofukiwa, ili mwenye kibali aone kilichopo chini kabla hajagusa ardhi. Mwaka 2023 wakaanza na baadhi ya maeneo, London na Wales yakiwemo.

Sisi nusu ya kazi hiyo tumeshaifanya bila kujua. Mnakumbuka operesheni ya anwani za makazi 2022, kabla ya sensa? Nyumba zikapewa namba na kuingizwa kwenye mfumo. Hicho ndicho chakula ambacho programu ya kupanga mkongo inakitaka. Ya juu ya ardhi tunayo, ya chini hatuna. Basi iwekwe sheria: anayefukia chochote apime alama zake kwa GPS na kuziingiza kwenye daftari moja la taifa kabla hajalipwa. Na maombi ya vibali yapite mlango mmoja, yawe na siku ya mwisho ya kujibiwa. Hiyo ndiyo otomatiki ya kwanza tunayoihitaji, na haina hata injini.

Najua kuna atakayeuliza, na vibarua je? Swali la haki kabisa. Wengi niliomaliza nao kidato cha nne kodi yao ya chumba inatoka kwenye mitaro hiyo. Nisiwadanganye, mashine zikija chepe zitapungua, na si kila mchimbaji atapata kazi nyingine. Lakini kuunga mkongo, kupima waya ulipokatikia na kuingiza alama kwenye ramani ni kazi ambayo kijana wa fomu foo anafundishika. Mkandarasi anayepewa tenda ya mashine aandikiwe kwenye mkataba afundishe vijana wangapi wa eneo lile, na asipofanya akatwe malipo. Tukinyamaza sasa, mashine zitakuja na watu wake, sisi tutabaki kuangalia kwa mbali.

Naomba kutoa hoja. Mtaani kwenu vipi, mkongo umefika, au mtaro umechimbwa ukaachwa wazi?