Majibu ya maabara yarudi Kabondo-Dianda

Mamlaka za afya za Haut-Lomami, pamoja na vyuo vinavyochunguza mimea ya jimbo hilo, zina deni kwa wagonjwa wa Kabondo-Dianda, na deni hilo halilipwi kwa kuwakemea waganga wa asili. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wameorodhesha mimea ya dawa ya jimbo hilo kwa msaada wa wenyeji. Majani na magome huenda maabara, matokeo huandikwa kwa Kifaransa, naye aliyetoa maarifa huachwa na chungu chake kilekile, akipima dawa kwa konzi ya mkono.

Wapo wanaotaka dawa za miti zipigwe marufuku hadi zithibitishwe. Hoja yao si nyepesi, kwa kuwa alkaloidi, viini vichungu vinavyozipa dawa nyingi hizo nguvu yake, hazijui mila wala nia njema ya anayezichemsha. Gome la mwavi, walilonyweshwa washtakiwa katika sehemu nyingi za Afrika ya kati na mashariki, liliua kwa alkaloidi zinazoushambulia moyo. Na baadhi ya mimea ya jamii ya marejea huharibu ini polepole, bila maumivu ya mapema ya kumwonya mgonjwa. Lakini marufuku haitaondoa dawa hizo, itazificha. Mama ataingia kituo cha afya na chupa chini ya kitenge, na muuguzi atampa mtoto vidonge juu ya kitu asichokijua.

Wapo pia wanaotetea kila mzizi kwa sababu mababu waliutumia. Mababu wanastahili heshima, ila wao walijua pia mti upi usiguswe, na mganga wa kijiji aliweza kumfuatilia mgonjwa wake siku hadi siku, jambo ambalo muuzaji wa chupa sokoni halifanyi.

Kati ya pande hizo mbili, kinachokosekana ni kipimo. Matone machache ya kitendanishi cha Dragendorff yakitiwa kwenye maji ya mmea hutoa mashapo ya rangi ya chungwa, na mtafiti huandika kwamba alkaloidi zipo. Kazi hiyo ni ya lazima, tena haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Lakini rangi hiyohiyo hutokea kwa kwinini inayotibu malaria na kwa striknini inayoua kwa mishtuko ya mwili. Jibu kwamba zipo halisemi ni alkaloidi gani, kiasi gani, wala itamfanya nini mjamzito. Kulibandika kwenye chupa kama hati ya usalama ni kumdanganya mnunuzi, na mamlaka inayonyamaza inashiriki udanganyifu huo.

Gome la mkwinini lilitumika Ulaya kwa karne mbili hivi huku nguvu zake zikitofautiana gunia kwa gunia. Mwaka 1820, wanakemia Pelletier na Caventou walipotenga kwinini jijini Paris, daktari aliacha kukisia, akapima. Kongo haina haja ya kwenda mbali kuiona njia hiyo, kwani kampuni ya Pharmakina mjini Bukavu imetengeneza kwinini kutokana na mikwinini ya Kivu. Kongo inajua pia njia nyingine: mizizi ya Rauvolfia vomitoria iliyouzwa nje kwa magunia enzi za Zaire, ikatolewa dawa ya shinikizo la damu katika viwanda vya ng'ambo.

Chuo kinachochukua sampuli Kabondo-Dianda hakina budi kurudi na majibu, yasomwe kwa Kiswahili na Kiluba mbele ya waganga, mimea iliyoonekana hatari ikitajwa kabla ya ile inayotia matumaini. Zoni ya afya iwafundishe wauguzi kumuuliza kila mgonjwa amekunywa nini, bila kumkaripia, na kuandika jibu kwenye fishi yake. Mganga naye hana ruhusa ya kuficha jina la mti wakati mgonjwa wake amezimia. Hofu yake kwamba siri ya ukoo itaibiwa si ya bure, ndiyo maana Itifaki ya Nagoya ya 2010, ambayo Kongo imejiunga nayo, inadai ridhaa ya wenye maarifa na mgawo wa haki wa faida. Serikali ya jimbo mjini Kamina haiwezi kumtaka aseme kila kitu bila kumpa kwanza hati inayomlinda.

Mpaka hayo yatimizwe, ruhusa ya kukusanya mimea isitolewe kwa mtafiti yeyote asiyeandika, katika ombi lake, tarehe ya kurudisha majibu na mahali atakapoyasomea.