IM002 si sababu ya kugawa root

Leo sina habari za simu mpya. Nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na mafundi wenzangu, sisi tunaozunguka mjini tukiunganisha tarakilishi za maduka, shule na sacco na hifadhidata zao.

Mambo huenda hivi. Mwenye duka la dawa anataka Excel isome mauzo kutoka MySQL iliyo kwenye seva. Fundi anaweka draiva, anafungua ODBC, anatengeneza DSN, anajaribu, inakubali. Akirudi Excel, kosa IM002: eti jina hilo la DSN halipo. Au IM014: draiva na programu hazilingani. Mteja anaangalia saa. Basi fundi anaanza uganga. Anazima ukuta wa ulinzi wa Windows, anaingia kama root, kisha anairuhusu root iingie kutoka anwani yoyote ile.

Jamani! IM002 na IM014 hutolewa na meneja wa draiva aliye ndani ya tarakilishi hiyo hiyo. Ombi halijatoka hata nje ya mlango. Seva haijui kwamba kuna mtu anataka kubisha hodi. Kutoa root kwa makosa haya ni kumng'oa jino mtu anayeumwa goti.

Tatizo ni biti. Windows ya biti 64 ina ODBC mbili, na zote mbili faili lake linaitwa odbcad32.exe. Iliyo katika System32 ni ya biti 64. Iliyo katika SysWOW64 ni ya biti 32. Ndiyo, majina yamepinduliwa, na hapo Microsoft, waliotuletea ODBC mwaka 1992, wanastahili lawama zao. System DSN uliyotengeneza upande mmoja haionekani upande wa pili. User DSN huonekana pande zote, lakini bila draiva ya biti zinazofaa haitafanya kazi. Kinachoamua ni biti za programu inayoomba data, si za Windows. Office ya biti 32 inataka draiva ya biti 32, hata kama mashine ni mpya kutoka dukani. Fungua Excel, angalia ukurasa wa akaunti na maelezo ya programu, utaziona biti zake. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa sikia ubaya wa uganga ule. Katika kuhangaika, fundi hatimaye anaweka draiva inayofaa na kazi inakubali. Yeye anadhani ni root iliyomsaidia. Hairudishi nyuma. Anapokea pesa zake, anaondoka.

Nyuma anaacha nini? Draiva ya MySQL, ukiandika neno la siri kwenye DSN, hulihifadhi katika rejista ya Windows likiwa wazi, bila kufichwa. Kwa System DSN, mtumiaji wa kawaida wa mashine hiyo anaweza kulisoma. Kwa hiyo kijana wa kaunta ana funguo za nyumba nzima: madeni, mishahara, dawa alizonunua jirani yake. Anaweza kusoma, kubadilisha, hata kufuta.

Najua mtasema ni duka dogo tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 haikuandikwa kwa ajili ya mabenki peke yake. Data ikivuja na watu wakawa hatarini kudhurika, mwenye data anapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Atakayebeba mzigo huo ni mteja wako, naye hajui hata maana ya root.

Mtasema pia mteja ana haraka. Haya, hesabu mistari hii:

CREATE USER 'ripoti'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'neno_refu_la_siri';
GRANT SELECT ON duka.mauzo TO 'ripoti'@'192.168.1.%';

Miwili tu. Akaunti hii inasoma mauzo na basi, tena kutoka mtandao wa ndani peke yake, kama anwani za hapo zinaanza na 192.168.1. Hata neno lake la siri likiibwa, mwizi hawezi kufuta kitu. Na kama moto unazuia, ruhusu mlango 3306 kwenye seva kwa anwani za ndani. Huna haja ya kubomoa ukuta mzima.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: biti kwanza, draiva pili, akaunti ndogo tatu. Ukiona IM002, mikono mbali na seva. Na wewe mwenye duka, kabla hujalipa, muulize fundi swali moja: "Umeniunganisha kwa akaunti gani?" Akijibu root, mwambie kazi haijaisha.